Ilimba Ndani ya Laptop

Ndani ya laptop yangu kuna ukurasa mweusi ambao wenye laptop wengi huzeeka bila kuufungua. Unaitwa alsamixer. Ukiuita, zinasimama nguzo za kijani, nyeupe na nyekundu, kila nguzo na jina lake chini: Master, PCM, Headphone, Speaker, Mic, Beep. Laptop niliyokuwa nayo kabla ya hii ilikuwa na nguzo moja zaidi iliyoandikwa CD. Nilikaa nayo miaka bila kuona kazi yake. Nikiipandisha, kimya. Nikiishusha, kimya vilevile.

Baadaye nilielewa kwamba ile ilikuwa kaburi. Katika miaka ya 1990 kompyuta nyingi zilikuwa na waya mwembamba uliotoka kwenye kiendeshi cha CD na kwenda moja kwa moja kwenye kadi ya sauti. Muziki ulipita humo kama maji ya bomba, bila kugeuzwa namba njiani, na nguzo ya CD ilikuwa koki yake. Waya ukaondolewa, koki ikabaki. Beep nayo ina ukoo wake: kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilikuwa na kispika kidogo kilichojua kulia tii na si zaidi sana ya hapo. PCM ni njia ya sauti iliyokwisha kugeuzwa namba, na watu wa kawaida waliifahamu vizuri baada ya kampuni ya Creative ya Singapore kutoa Sound Blaster mwaka 1989. Miaka miwili baadaye ikaja Sound Blaster Pro, yenye sauti ya pande mbili na chipu ya kuchanganyia sauti, na kompyuta ya mezani ikaanza kuwa na mikisa yake.

Mikisa ya kanisani unaiona. Waya unaingia hapa, kirungu kiko pale, na fundi akikosea kila mtu anageuka kumtazama. Ya laptop imefichwa, na imejengwa kwa matabaka kama nyumba za Miyuji ambazo mwenye nyumba anaongeza chumba kila akipata fedha. Kuna sauti ya programu yenyewe. Juu yake, tangu Windows Vista ya mwaka 2007, kila programu ina kitelezi chake ndani ya mfumo. Sisi tunaotumia Linux tulipata ALSA, kazi aliyoianza Jaroslav Kysela wa Ucheki mwaka 1998 na ikaingizwa kwenye kiini cha Linux mwaka 2002. Mwaka 2004 Lennart Poettering wa Ujerumani akaweka tabaka lingine juu, lililokuja kuitwa PulseAudio, na sasa kuna PipeWire ya Wim Taymans. Hakuna aliyebomoa chumba cha mwenzake. Ndiyo maana laptop inaweza kukuonyesha sauti asilimia 100 na wewe usisikie kitu: mlango mmoja uko wazi, mitatu imefungwa.

Nayajua haya kwa sababu hapa Miyuji nahamisha kanda. Watu huniletea kaseti, mimi naziingiza kwenye flashi. Kazi ilikuwa haba mpaka serikali ilipoanza kuhamia kweli, baada ya tangazo la Rais Magufuli la Julai 2016. Wakati huo familia nyingi zilibomoa nyumba za zamani ili kujenga za kupangisha, na ndani ya masanduku zikaibuka kanda: kwaya, hotuba za misiba, harusi, mahubiri, na mara chache sana ngoma za Kigogo zilizorekodiwa uani kwa redio kaseti.

Mzee mmoja wa huku alikuja na mambo matatu: kaseti ya mwaka 1986, flashi mpya na mjukuu wake. Kwenye kaseti alikuwamo baba yake akipiga ilimba na kuimba. Flashi alitengenezewa mjini na mtu mwingine mwenye kazi kama yangu.

“Shikamoo, baba,” nilimwambia.

“Marahaba, mwanangu. Nisikilizishe hii, halafu uniambie kama ni mimi niliyezeeka masikio.”

Nikaweka flashi. Kimya. Mjukuu akacheka kidogo, babu yake akamtazama, akaacha.

Laptop inaponyamaza, mimi huanza juu na kushuka. Programu ilikuwa wazi, na mstari wa mawimbi ulikuwa ukitembea, maana yake sauti ilikuwapo na ilikuwa ikipelekwa mahali. Swali likawa: wapi? Jumapili yake laptop ilikuwa imefungwa kwenye projekta, na waya wa HDMI hubeba picha na sauti pamoja. Kwa mashine, HDMI ni kadi nyingine ya sauti kabisa, na mara nyingi ndiyo inayohesabiwa ya kwanza. Kwa hiyo ilimba ya marehemu ilikuwa inapigwa kwa nguvu zote kwenye waya ambao haupo. Nikafungua alsamixer, nikabonyeza F6, nikachagua kadi ya spika za laptop yenyewe. Bado kimya. Chini ya nguzo ya Speaker kulikuwa na herufi mbili: MM. Hiyo ni alama ya nguzo iliyonyamazishwa. Ikifunguliwa inakuwa OO. ALSA ilizaliwa na desturi ya kuacha njia zote zikiwa zimenyamazishwa mpaka mtu azifungue mwenyewe, na mimi siilaumu, kwani kipaza sauti na spika zikifunguliwa pamoja bila mpango hulia filimbi ya kutoboa masikio. Nikabonyeza M. OO.

Mlango wa mwisho aliuleta mjukuu. Alichomeka hedifoni zake za zamani, zile za simu, ili babu yake asikie kwa karibu, na spika zikanyamaza zenyewe kama zinavyopaswa. Kwenye hedifoni kukasikika mnong'ono wa mbali tu, kama mtu anayeimba ng'ambo ya kilima. Hili huwapotezea watu siku nzima wakisogeza vitelezi, ilhali shida iko kwenye chuma. Ncha ya hedifoni yenye kipaza sauti ina pete nne, na kwa miaka kadhaa watengenezaji walikuwa na mipango miwili tofauti: hawa waliweka pete ya ardhi mahali ambapo wale waliweka ya kipaza sauti. Ukichomeka ya mpango mmoja kwenye mashine ya mpango mwingine, ardhi haishiki sawasawa, na unachosikia ni tofauti kati ya sikio la kushoto na la kulia. Wimbo wa studio hupoteza mwimbaji, kwa kuwa yeye huwekwa katikati, vyombo vikabaki. Kanda ya redio kaseti yenye kipaza sauti kimoja haina tofauti hata kidogo kati ya kushoto na kulia, kwa hiyo inakaribia kupotea yote. Dawa ya kuthibitisha ni rahisi. Bonyeza kitufe cha kupokelea simu kwenye waya wa hedifoni, usikiachie. Sauti ikirudi, hapo pana ugomvi wa pete. Mjukuu alibonyeza. Ilimba ikaingia masikioni mwa babu yake wote mara moja, akashtuka.

Alisikiliza mpaka mwisho, akavua hedifoni taratibu.

“Wimbo ndio huu. Lakini hii siyo ilimba ya baba. Hii imeogeshwa.”

Hapo lazima nieleze chombo chenyewe kwa asiyekijua. Ilimba ni sanduku la mbao lenye vyuma bapa vinavyobonyezwa kwa vidole gumba. Za Wagogo ni kubwa, nyingine zina vyuma zaidi ya 30. Mwanamuziki aliyezifikisha mbali kuliko wote ni Hukwe Zawose, mzaliwa wa Doduma, aliyefariki Desemba 2003. Kabla ya hapo alikuwa ametoa albamu ya Assembly pamoja na Michael Brook wa Kanada. Aliyewahi kuisikia ilimba ana kwa ana anajua kwamba chuma hakilii peke yake. Kwenye sanduku kuna matundu yaliyozibwa kwa utando mwembamba wa kiota cha mayai ya buibui, na chuma kikilia, utando nao unatetemeka na kuvuma, kama nyuki ndani ya kibuyu. Mvumo huo haukuingia kwa bahati mbaya. Fundi anautafuta, anauonja, akiukosa anabadilisha utando. Bila mvumo, wazee husema chombo kimepoa.

Kwenye flashi mvumo haukuwapo. Noti zilikuwa safi, kila moja imesimama peke yake, na katikati ya noti na noti pametulia kabisa. Ni utulivu ambao hakuna kaseti ya 1986 inayoweza kuwa nao. Nikajua kilichotokea. Laptop nyingi za leo zina tundu moja la hedifoni na kipaza sauti, na upande wa kipaza sauti umetengenezwa kwa ajili ya mtu anayezungumza kwenye mkutano wa video. Mfumo unawasha wenyewe kazi ya kupunguza kelele. Ukiingiza kanda kupitia humo bila kuzima kazi hiyo, laptop inafikiri ilimba ni mtu anayeongea karibu na feni.

Ujuzi huo una historia ndefu kuliko laptop. Mwaka 1979 mhandisi wa Marekani, Steven Boll, alichapisha njia ya kuondoa kelele kwenye maneno yaliyorekodiwa: mashine inasikiliza sehemu ambazo mtu hazungumzi, inajifunza umbo la kelele inayoendelea, kisha inalitoa umbo hilo kwenye sauti yote. Ni wazo zuri mno kwa ndege na viwanda. Njia za sasa zimeendelea sana, lakini swali la msingi halijabadilika: kipi ni maneno, na kipi ni kelele inayoendelea? Mvumo wa utando wa buibui unaendelea. Kwa mashine kama hiyo unaweza kufanana na kelele. Asiyeambiwa hawezi kujua.

Na wapo walioambiwa wakaamua vivyo hivyo. Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi kusini mwa Afrika, alipita Tanganyika mwaka 1950 akirekodi muziki, na Wagogo walikuwa miongoni mwa aliowarekodi. Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya kimataifa ya muziki wa Kiafrika, ambayo hivi leo ipo Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Namheshimu. Bila yeye tungekuwa na ushahidi mchache sana wa jinsi nyanda hizi zilivyosikika kabla ya uhuru. Lakini ni Tracey huyuhuyu aliyeanza katika miaka ya 1950 kutengeneza chombo cha kuuza ng'ambo, akakiita Kalimba, ndugu wa karibu wa ilimba na mbira. Alikipanga kwa ngazi ya noti za Kizungu, na vitu vya kuvumisha akaviacha nje, kwa sababu masikio ya wanunuzi yangeviona kama kasoro. Chombo hicho kimefika duniani kote. Leo ukitafuta sauti ya kalimba kwenye simu, unapewa sauti iliyooga.

Ngazi ya noti nayo si jambo dogo. Watafiti wa muziki wa Kigogo, akiwamo Polo Vallejo wa Hispania aliyeutafiti kwa miaka mingi, wameonyesha kwamba noti zake zinafuata sauti za asili zinazozaliwa ndani ya sauti moja ndefu, hasa ya sita mpaka ya kumi. Ile ya saba iko chini ya noti ya kinanda inayokaribiana nayo kwa karibu theluthi moja ya nusu-toni. Programu ya kunyoosha sauti ikiiona, inainyoosha. Nimewahi kusikia kwaya nzima ikinyooshwa hivyo, na mpaka leo sijui waimbaji walijisikiaje walipoletewa CD yao.

Sasa mzee hakutaka wimbo huu kwa ajili ya kumbukumbu tu. Mjukuu alikuwa anaunda ilimba. Sanduku la baba yake mzee lilikuwa limepasuka, vyuma vingi vimeng'oka na kupotea, na mzee mwenyewe hakuwahi kurithi upigaji. Alipelekwa shule, akawa karani. Kaseti ndiyo ilikuwa mwalimu pekee aliyebaki. Kijana angepanga vyuma vyake kwa kuifuatisha. Kama flashi ingebaki vile ilivyokuwa, angejenga chombo kisichovuma na kuamini ndivyo baba wa babu alivyopiga.

Kanda yenyewe ilikuwa taabani. Yule mtu wa mjini alimwambia mzee kwamba ilipiga kelele ya kukwaruza ikizunguka, na nilipoifungua niliona vumbi la kahawia limeganda kwenye kitambaa kidogo cha kugandamizia. Hilo ni vumbi la sauti yenyewe: unga wa sumaku unabanduka kwenye utepe, na ulichobandua hukirudishi. Nilikadiria inavumilia mzunguko mmoja wa salama, labda miwili. Kwa hiyo mipangilio yote ilibidi ikamilike kabla kanda haijagusa mashine.

Sikupita kwenye tundu la laptop. Nilitumia kadi ndogo ya sauti ya USB, ya bei ya chini, ambayo nilikwisha kuihakikisha kwamba haina ujanja wowote wa kusafisha. Kwenye alsamixer nikabonyeza F6 nikaichagua, kisha F4 kuona nguzo za kuingizia sauti. Auto Gain Control nikaizima. Hiyo nayo hupandisha sauti pakiwa kimya na kuibana ikizidi, na ilimba ingepumua kama mgonjwa. Ongezeko la kipaza sauti nikaliweka sifuri. Nikapitisha kaseti nyingine ya siku hizohizo, ya kwaya, isiyo na mwenyewe wa kulia, nikapanga kiwango mpaka sehemu yenye kelele zaidi ikafika chini kidogo ya nyekundu. Sauti ikigonga juu ya kipimo hukatwa kichwa, na hakuna programu itakayokirudisha. Nikazima arifa zote. Nikatoa chaja, kwa sababu chaja hii hutia mlio kwenye waya, na umeme ukikatika katikati ningependa laptop isishtuke.

Mzunguko ulichukua dakika 30 za upande mmoja. Hatukuzungumza. Mzee alikaa kwenye stuli mikono juu ya magoti. Mvumo ulikuwapo tangu noti ya kwanza, mnene, pamoja na jogoo, pamoja na mwanamke anayemwita mtu kutoka mbali, pamoja na shuu ya kaseti inayopita juu ya vyote kama upepo wa Julai. Sikuitoa ile shuu. Inakaa pale pale mvumo unapokaa. Ukichukua mmoja unamega mwingine.

Likabaki suala la mwendo. Mzee alikuwa amekuja na lile sanduku lililopasuka, limefungwa kwenye kanga. Vyuma vitatu vilikuwa bado vimeshikwa na kutu mahali pake, havijasogezwa tangu mwenyewe afariki. Kijana akabonyeza kimoja, mimi nikacheza noti ileile kwenye laptop. Laptop ilikuwa juu. Kwanza nilishuku namba. Sauti iliyohifadhiwa kwa vipimo 44,100 kwa sekunde, ambacho ni kipimo cha CD tangu 1982, ikichezwa na kadi inayodhani ni 48,000 hupanda kwa nusu-toni moja na nusu, na mzee wa miaka 60 huimba kama kijana wa kidato cha kwanza. Lakini tofauti hii ilikuwa ndogo zaidi, karibu nusu ya nusu-toni. Basi ilikuwa mota: redio kaseti iliyorekodi mwaka 1986 haikuzunguka sawa na mashine yangu. Kaseti inatakiwa kwenda sentimita 4.75 kwa sekunde, na ni mashine chache za uani zilizowahi kutii. Kutu nayo ina lake, inabadilisha uzito wa chuma. Ndiyo maana nilitaka vyuma vyote vitatu vitoe ushahidi.

Nikafungua nakala kwenye Audacity, nikapunguza mwendo kwa asilimia 3, mwendo wote, si noti peke yake, kama vile kuigeuza skrubu ya mota. Kijana akabonyeza chuma cha kwanza. Kikaafikiana. Cha pili kikaafikiana. Cha tatu kilikuwa chini kidogo bado, na mzee akainua mkono kabla sijagusa kitu.

“Hicho kiache. Hicho alikuwa anakilalamikia mwenyewe.”

Akamwambia mjukuu akipime urefu kwa rula.